Panya Asiyechorwa Kwenye Pakiti

Mtego ulifyatuka saa nane usiku. Tap! Kisha kimya. Kwetu hapa juu ya Kebirigo, Nyamira, ghala la mahindi linapakana na jiko, na baada ya mavuno panya hutuzidi maarifa. Hutoboa gunia upande wa chini, pale jicho lisipofika, nawe ukilinyanyua mahindi yanamwagika kama maji. Kwa hiyo tunatega. Chambo kizuri kuliko vyote ni omena. Hakuna panya anayeweza kuipita harufu yake.

Asubuhi mjukuu wangu aliye Gredi ya 5 ndiye aliyefika wa kwanza. Alichuchumaa mbele ya mtego, mikono ameificha ndani ya sweta kwa sababu ya baridi, akamtazama panya aliyelala ubavu. Macho yake meusi yalikuwa bado yanang'aa.

"Sokoro," akaniambia, "hawa embeba hawana faida yoyote. Kazi yao ni kula tu."

Embeba ndiye panya kwa Ekegusii, na sokoro ni babu. Nikavuta kigoda nikaketi. Nilimkumbusha jinsi alivyougua malaria baada ya mvua za masika, akameza vidonge siku tatu, siku ya nne akarudi shuleni. "Katika kupona kwako," nikamwambia, "kulikuwa na panya." Alinitazama kana kwamba nimesema kuna panya ndani ya kidonge. Ndipo nikaanza hadithi hii, na sasa naiandika ili nanyi wengine mlioko Keroka, Suneka, Ogembo na kwingineko muisikie.

Kwanza niwatenganishie panya. Sisi tunawaita wote panya, mkubwa wa ghalani na mdogo wa jikoni, lakini wanasayansi wanawahesabu kama wanyama wawili tofauti. Yule mkubwa akikomaa vizuri huwa na uzito wa parachichi nene, gramu 300 na zaidi. Yule mdogo, kipanya, ana gramu 20 au 30 tu, yaani hata yai la kuku linamshinda. Wote wawili wamo kwenye maabara, na wengi wao ni weupe kama pamba, wenye macho mekundu. Panya hao hawakukamatwa ghalani kwa mtu. Wamezaliwa ndani ya vizimba, na mama zao pia, na nyanya zao pia. Ukoo mmoja maarufu wa panya wakubwa weupe ulianza kufugwa mwaka 1906 katika taasisi ya Wistar, mjini Philadelphia, Marekani. Ukiingia leo kwenye maabara ya chuo kikuu Nairobi, London au Tokyo ukasikia mtu anasema "hawa ni Wistar", anakutajia ukoo kama vile sisi tunavyotajiana koo zetu tukikutana safarini.

Kwa nini wafuge ukoo mmoja? Mkulima anaelewa upesi. Ukitaka kujua kama mbolea mpya ni nzuri, hupandi mbegu ya aina saba shambani. Utapanda aina moja, udongo mmoja, siku moja. Mstari huu utie mbolea, mstari ule usitie. Ukiona tofauti, utajua imetoka wapi. Shikeni sana habari ya mistari hii miwili, maana tutairudia.

Sasa twende mwaka 1999. Baba wa mjukuu wangu huyu alikuwa mtoto wa miaka minne. Sisi watu wa milimani tulizoea kusema malaria ni ya watu wa ziwani. Kwetu kuna baridi, mbu anachelewa kukua, na kimelea kilicho tumboni mwa mbu kinachelewa zaidi. Lakini ukija mwaka wenye joto, na mvua ikanyesha sana, mbu hupanda mlima. Nao watu wa milimani, kwa kuwa hawaugui mara kwa mara, miili yao haijajifunza kupigana na ugonjwa huo. Hapo ndipo malaria hulipuka kama moto wa nyasi kavu, haichagui mtoto wala mzee. Mwaka huo ililipuka Gucha, upande wa kusini wa nchi ya Wagusii, hata madaktari wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka wakaja kusaidia. Klorokwini, ile dawa chungu tuliyokua nayo, ilikuwa imeshaanza kushindwa. Mwaka mmoja nyuma Kenya ilikuwa imeiondoa kuwa dawa ya kwanza ya malaria, ikaweka nyingine ambayo wengi wanaikumbuka kwa jina la Fansidar.

Mwanangu naye alishikwa. Usiku alitetemeka hadi kitanda kikalia. Mama yangu mzazi, ambaye watoto walimwita Magokoro, yaani nyanya, alichimba mizizi nyuma ya nyumba, akaichemsha kwenye chungu cheusi mpaka maji yakawa rangi ya chai isiyo na maziwa. Mtoto alikunywa huku amezibwa pua. Kulipokucha tukambeba hadi hospitalini, akapewa dawa huko pia. Baada ya siku chache alikuwa anakimbiza kuku uani.

Mama yangu alisema mizizi ndiyo iliyomponya. Muuguzi alisema ni dawa ya hospitali. Jirani akasema homa nyingine huondoka zenyewe. Nani alikuwa mkweli? Nimeishi na swali hilo miaka mingi, wala simdharau yeyote kati yao. Kwa mtoto mmoja, aliyekunywa vyote viwili katika usiku mmoja, jibu haliwezi kupatikana. Hatukuwa na mstari wa pili wa mahindi. Na ni mzazi gani angekubali mtoto wake awe mstari usiotiwa mbolea?

Hapo ndipo panya anapoingia.

Nitawapeleka mbali kidogo, Oxford, Uingereza, siku ya Jumamosi tarehe 25 Mei 1940. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimepamba moto. Mtafiti aitwaye Howard Florey alikuwa na vipanya wanane mezani. Wote wanane aliwadunga bakteria wakali wanaoua. Baada ya saa moja hivi akawapa wanne kati yao unga uliokamuliwa kutoka kwenye ukungu, uitwao penisilini. Wanne waliobaki hakuwapa kitu. Mwenzake, Norman Heatley, alikaa nao usiku kucha akiwatazama. Kabla alfajiri haijafika, wale wanne wasiopewa dawa walikuwa wamekufa wote, mmoja baada ya mwingine. Wanne waliopewa walikuwa hai.

Mjukuu wangu alipofika hapa alininyamazia. Kisha akauliza, "Wale wanne waliokufa, walikuwa wamekosa nini?"

Hawakukosa kitu. Ningeweza kumwambia kwamba panya hana uchungu kama mtu, au kwamba hakujua lililokuwa likimpata. Huo ungekuwa uongo, na mtoto akishadanganywa kwa jambo kama hilo hatakuamini tena. Panya anaumwa, anaogopa, anatafuta wenzake alalie joto lao. Wale wanne walikufa ili tujue kwamba wengine wanne hawakupona kwa bahati. Bila wao, penisilini ingekuwa kama mizizi ya mama yangu, dawa ambayo huenda inaponya na huenda haiponyi. Leo mtoto akipata nimonia Nyamira au Nyamache, dawa za ukoo wa penisilini ni miongoni mwa zile anazopewa kwanza.

Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Kwenye maabara methali hiyo inageuka, kwa kuwa panya mmoja hawezi kutuambia lolote. Akipona mmoja, pengine alikuwa na mwili wenye nguvu. Akifa mmoja, pengine alikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Lazima wawe wengi kiasi cha kutuonyesha ukweli, ila wasizidi hata mmoja pale ambapo ukweli umeshaonekana. Kuihesabu idadi hiyo ni kazi inayofanywa kwa kalamu na karatasi kabla kizimba hakijafunguliwa, na mtafiti asiyejua kuihesabu hafai kukabidhiwa panya.

Lakini malaria ilikuwa na kikwazo chake. Kimelea kinachotuua sisi, kile cha falsiparamu, hakimshiki kipanya wa kawaida. Ukimdunga, hakishiki. Kwa miaka mingi watafiti waliwatumia ndege, kuku na bata, kwa kuwa ndege nao wana malaria yao. Ndege ni ndege, hata hivyo, na damu yake si kama yetu.

Mlango ulifunguliwa Katanga, kusini mwa Kongo, nchi ya watu wanaosema Kiswahili kama sisi, ingawa chao kina ladha yake. Enzi hizo palikuwa koloni la Ubelgiji. Mtafiti mmoja, Ignace Vincke, alikuwa akichunguza mbu wa misitu iliyo kando ya mito huko Kisanga, akakuta ndani ya mbu hao vimelea vya malaria asivyovitambua. Vilitoka kwa mnyama gani? Alitafuta kwa miaka. Mwaka 1948, yeye na mwenzake Marcel Lips walivipata kwenye damu ya panya wa vichakani, panya mwenye mkia mrefu anayepanda miti usiku. Walivipa jina la Plasmodium berghei, kwa heshima ya mtaalamu wa Kibelgiji Louis van den Berghe. Damu ya panya yule ilipodungwa kwa vipanya weupe wa maabara, wakapata malaria. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuitazama malaria ya mnyama anayenyonyesha ndani ya kizimba kinachoenea juu ya meza.

Kuna jambo hapa linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Kimelea hicho cha Katanga hakipendi joto kali. Ndani ya mbu hukua vizuri kwenye nyuzi 19 hadi 21 tu, kwa kuwa kwao ni nyanda za juu. Hizo ndizo nyuzi za wastani hapa kwetu. Kingeletwa Kebirigo, kingejiona kiko nyumbani!

Kutoka Katanga kimelea kilisafiri dunia nzima, damu kwa damu, kipanya kwa kipanya. Kikafika hata China. Huko, mwaka 1967, serikali ilianzisha kazi ya siri ya kutafuta dawa mpya ya malaria, na baadaye mama mmoja mfamasia, Tu Youyou, akapewa kuongoza kikundi cha kuchunguza dawa za asili. Yeye na wenzake walisoma vitabu vya kale na kuwauliza waganga. Kutoka kwa mimea kama 200 walikamua maji ya dawa ya aina zaidi ya 380, wakayajaribu kwa vipanya waliotiwa kimelea kile cha Katanga. Mmea mmoja, wa jamii ya pakanga, mara ya kwanza ulipunguza vimelea kwa asilimia 68. Waliporudia, nguvu yake ikashuka mpaka kati ya 12 na 40. Mtu mwingine angeuacha.

Tu Youyou alirudi vitabuni. Katika kitabu cha tiba cha mwandishi wa kale, Ge Hong, cha zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, aliona kwamba mmea ule ulilowekwa majini ukakamuliwa. Kuchemsha hakukutajwa. Akawaza kwamba labda moto ndio unaoua dawa. Akatumia etha, kimiminiko kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi, chini ya joto la mwili wa mtu. Tarehe 4 Oktoba 1971 sampuli namba 191 ilijaribiwa kwa vipanya. Vimelea viliisha vyote, asilimia 100. Baada ya vipanya ilijaribiwa kwa kima, na mwaka 1972 Tu Youyou na wenzake wakaimeza wao wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa yeyote. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Nikimwaza mama yangu na chungu chake cheusi, na mizizi ikichemka saa nzima, najiuliza ni ngapi kati ya dawa zetu zimekuwa zikipaa na mvuke.

Kumbe kuna watu waliojiuliza kabla yangu. Mwaka 2003 watafiti wa Kenya, Francis Muregi akiwa mmoja wao, walichapisha matokeo ya kuchunguza mimea inayotumiwa Kisii kutibu malaria. Walianza bila panya hata mmoja. Walikamua mimea na kuyajaribu maji yake kwenye vimelea vilivyokuzwa ndani ya damu kwenye vyombo vya maabara. Mimea mingine iliviua, mingine haikuvifanya lolote. Mwaka 2007 Muregi na wenzake, Wakenya na Wajapani, wakapiga hatua ya pili. Walichukua mimea 15 inayotumiwa na waganga wa Kenya wakaijaribu kwa vipanya wenye kimelea cha Katanga, tena cha aina iliyoanza kuizoea klorokwini. Mimea saba ilifanya kazi ikiwa peke yake: ilipunguza vimelea kwa asilimia 31.7 hadi 59.3. Maana yake, palipokuwa na vimelea 100 kwa kipanya asiyetibiwa, aliyetibiwa alikuwa na kati ya 41 na 68 hivi. Mmoja wa mimea hiyo ni mkuyu aina ya Ficus sur, huu huu ambao watoto hupanda kuchuma matunda yake. Mwingine ni Toddalia asiatica, kichaka cha miiba iliyopinda kama ndoana, ndugu wa mlimau. Baadhi ya mimea ilipochanganywa na klorokwini nguvu yake ilipanda, hata kufikia asilimia 85.1, na vipanya wengine wakaishi wiki mbili zaidi.

Msikimbilie kuchimba mizizi, wanangu. Kipanya mwenye vimelea 41 badala ya 100 bado ni mgonjwa. Na mmea unaoua vimelea unaweza pia kuharibu ini au figo, ndiyo sababu kabla ya mtu kuonja dawa mpya panya huonjeshwa kwa siku nyingi, kisha viungo vyake vikachunguzwa kimoja kimoja. Ila kwangu mimi matokeo yale yalikuwa kama barua iliyochelewa. Mama yangu hakuwa mjinga. Muuguzi naye hakuwa mjinga. Kipanya ndiye aliyekaa katikati yao akatoa ushahidi.

Mjukuu wangu alitaka kujua inavyofanywa, hatua kwa hatua. Nitawaeleza kama nilivyomweleza, kwa jaribio linaloitwa la siku nne.

Vipanya hukaa watano watano hivi kwenye kisanduku cha plastiki chenye kifuniko cha nyaya. Chini kuna maranda ya mbao ya kulalia, juu kuna chupa ya maji iliyopinduliwa, yenye mrija wa chuma ambao kipanya huulamba tone likashuka. Taa huwaka saa 12, huzimwa saa 12. Siku ya kwanza kila mmoja hudungwa damu yenye vimelea kama milioni 10. Kisha hupangwa mafungu: hawa watapewa dawa mpya, hawa watapewa dawa inayojulikana, hawa watapewa maji matupu. Siku nne mfululizo hupimwa uzito kwenye mizani, na kila mmoja hupewa kipimo chake kulingana na gramu zake. Dawa hupitishwa mdomoni kwa sindano butu yenye kijidonge mwishoni, na mkono unaomshika lazima uwe umefundishwa. Mkono wenye hofu humtia kipanya hofu.

Kisha inafika siku ya kuhesabu. Mtafiti anamshika mkia, anauchoma nchani kidogo, tone la damu linatoka, dogo kama kichwa cha pini. Analipaka juu ya kioo likawa utando mwembamba, analikausha, analitia rangi. Chini ya hadubini chembe za damu zinaonekana kama sahani nyingi zilizotandazwa. Ndani ya baadhi yake kuna doa la zambarau, pengine kama pete yenye kito. Hicho ndicho kimelea. Anahesabu chembe 1,000, anaandika ngapi zina pete. Anabadilisha kioo, anahesabu tena. Macho yanauma. Kazi hii haina mbwembwe yoyote, na ndiyo iliyozaa vidonge alivyomeza mjukuu wangu.

Na baadaye? Vipanya walio wengi huuawa. Kwa dawa ya usingizi au njia nyingine ya haraka, kabla ugonjwa haujawafikisha kwenye mateso makali. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kuzunguka. Alitazama pembeni, kule mtego ulikokuwa.

Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliandika kitabu ambacho mpaka leo kila anayegusa mnyama wa maabara anapaswa kujua hoja yake. Walisema: kama kuna njia isiyohitaji mnyama, itumie hiyo. Kama haipo, tumia wanyama wachache iwezekanavyo. Na hao wachache, wapunguzie maumivu kadiri unavyoweza. Muregi na wenzake walipoanza na vimelea vya chomboni kabla ya kugusa kipanya, walikuwa kwenye njia hiyo. Hapa Kenya, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inataka anayefanya majaribio kwa wanyama awe na leseni. Tena kila taasisi ya utafiti yenye heshima ina kamati inayosoma mpango mzima kabla ya kazi kuanza, na inaweza kuukataa. Kwangu mimi, kijana anayetaka kuwa mtafiti aanze kwa kuujua mlango wa kamati hiyo kabla ya kujua mlango wa maabara.

Maana panya naye ana mipaka yake. Mwili wake si wetu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 dawa moja ya usingizi, thalidomaidi, iliuzwa Ulaya na kwingineko, wajawazito wakaimeza. Zaidi ya watoto 10,000 walizaliwa na mikono au miguu isiyokamilika kabla haijaondolewa. Panya huistahimili dawa hiyo kuliko binadamu. Hakuna aliyekuwa amewajaribu vya kutosha wanyama wenye mimba, na waliojaribiwa hawakutoa onyo. Kwa hiyo panya hawezi kuwa hakimu wa mwisho. Ni shahidi wa kwanza. Baada yake huja watu waliokubali kwa hiari, wachache kwanza, kisha mamia, kisha maelfu.

Dawa ya Tu Youyou ilipita huko kote. Kenya iliamua mwaka 2004 kuifanya, ikichanganywa na dawa nyingine, kuwa dawa ya kwanza ya malaria, na mwaka 2006 ikaanza kufika kwenye vituo vya afya. Ni vile vidonge vya manjano mnavyovijua: mtu mzima vinne kwa mkupuo, mtoto kulingana na uzito wake, mara mbili kwa siku, siku tatu, na ni vizuri vifuatane na chakula chenye mafuta au maziwa.

Jua lilikuwa limeshapanda na wachumaji wa majani chai walikuwa wameanza kupita njiani na vikapu mgongoni. Mjukuu wangu aliingia ndani, akatoka na pakiti tupu ya dawa zake, maana mama yake hatupi karatasi ya hospitali. Ilikuwa na alama ndogo ya jani la kijani, ile iliyowekwa kwenye dawa hizi ili watu wazitambue madukani. Aliigeuza mbele na nyuma.

"Wamechora jani," akasema.

"Ndiyo. Ni mmea ule."

"Na panya je?"

Nikamwambia hakuchorwa. Alikwenda kwenye begi lake la shule akatoa kalamu ya bluu. Alichora chini ya jani, ulimi nje kama afanyavyo akiandika insha. Mwili ulitoka mdogo kama punje ya hindi, masikio makubwa kupita kiasi. Mkia ulimkolea utamu, akauzungusha pembeni mwa pakiti, ukapita juu ya maandishi ya kipimo, ukarudi upande wa jani.

Kisha akaiweka pakiti juu ya rafu, akachukua jembe dogo, akaniuliza tumzike wapi yule wa mtegoni.